Njia Iliyofagiliwa

"Nani atalipa ili atembee mu pori?" jirani zangu wa Walikale waliniuliza niliporudi kutoka Goma na diploma yangu ya utalii. "Sisi tunatembeaka bure, na tunachokaka."

Niliwaomba wasikate miti ya makaa katika msitu wa mlimani, kisha nikaazima kwao sufuria, blanketi na mikeka kwa ajili ya wageni wa kwanza, wanakwaya kutoka Goma.

Asubuhi ya matembezi nilikuta njia haifanani tena na pori. Jirani zangu, ambao hufagia kiwanja kabla mgeni hajafika, walikuwa wamefagia njia ya msituni jioni iliyotangulia, mpaka udongo ukabaki mtupu.

"Papa, huku kwenu hata pori munafagiaka?" mgeni mmoja alicheka.

Hatukufika mbali. Kwenye udongo ule laini uliofagiliwa palikuwa na nyayo za sokwe aliyepita alfajiri, vidole vyote wazi. Wageni walipiga magoti na simu zao. Mwezi uliofuata walirudi na wenzao.

Tangu hapo njia inafagiliwa kila jioni, na wafagiaji nawalipa mimi. Wenye diploma ni wengi. Njia kama yangu hawana.

Siku niliyorudisha vitu vyote nilivyoazima, nilipita nyumba kwa nyumba. Kwetu sufuria hairudishwi tupu, basi katika kila moja niliweka jibini kutoka milima ya Masisi. Mama aliyenicheka kuliko wote alifunua yake, akanusa.

"Muzuri," alisema. "Lakini kesho nafagia upande wa muto. Kule njo sokwe wanapitaka."