Kiapo Nisichoitiwa

Nilikwenda kwa dada kuazima mbuzi ya kukunia nazi, maana yetu ilikuwa imeisha meno. Ilikuwa kama saa nne asubuhi, jua limeshakuwa kali, na uani kwake nikakuta wanawake wamejipanga kwenye pipa la maji. Wa mbele alikuwa anasukutua. Wa nyuma yake alikuwa ameinama anaosha miguu, anapitisha kidole katikati ya vidole kama tulivyofundishwa kwenye chuo cha Kurani tukiwa wadogo. Walikuwa wanatawadha.

Hakuna sala ya saa nne. Ipo Dhuha, najua, lakini sijapata kuwaona wanawake wa kijijini kwetu wakikusanyika uani kwa mtu kwa ajili ya Dhuha, tena katikati ya msimu wa korosho. Nikawaamkia. Wakaitikia marahaba kwa pamoja, halafu wakanyamaza kwa pamoja.

Dada akatoka ndani, mtandio ameufunga vizuri kichwani.

"Ala! Mdogo wangu. Kwema?"

"Kwema. Nimefuata mbuzi."

"Ipo nyuma ya jiko. Chukua tu, hata kurudisha usiharakishe."

Hakuniambia karibu. Nilitembea na mbuzi mkononi mpaka karibu na nyumbani ndipo nikaelewa kilichonisumbua. Wanawake wale wote walikuwa wajumbe wa chama chetu. Mimi pia nilikuwa mjumbe.

Inabidi nieleze huyu dada ni nani. Ni mtoto wa mama mkubwa. Kwa umri mimi nimemtangulia, lakini kwa kuwa mama yake ndiye mkubwa, nimemwita dada tangu nilipojua kusema, na yeye ameniita mdogo wangu bila hata kutabasamu. Aliishia kidato cha nne, akabaki kijijini, akaanza kupika mikate ya kumimina, akawa mtu wa kuitwa kila penye shughuli. Mimi nilikwenda Dar es Salaam nikasoma maendeleo ya jamii, nikarudi na shahada. Dada akipita njiani watu wanatoka barazani kumsalimia. Nikipita mimi wananiuliza kama bado sijapata kazi. Kuna siku nilibadilisha njia nikapita mikoroshoni ili nisiulizwe, nikakutana na mzee anayefyeka majani, akaniuliza.

Wakati huo dada alikuwa anagombea udiwani. Ndani ya chama alikuwa anashindana na mwalimu mmoja mstaafu, na sisi wajumbe ndio tungepiga kura za maoni. Ujumbe wangu mwenyewe niliupata kwa sababu tawi letu lilitaka mtu wa kuandika muhtasari wa vikao.

Sasa kwa nini wajumbe wote wanawake waliitwa isipokuwa mimi? Mchana ule nililala kwenye mkeka nikalipindua swali hilo. Labda alijua kura yangu ni yake. Labda alijua si yake. La tatu ndilo lililoniuma: labda alipokaa kuwataja wajumbe, sikumjia kichwani. Sikujua hata walichokuwa wanafanya, lakini nilitaka kuwa nimo.

"Kichwa chako hakina Ijumaa, hakipumziki," mama alisema. "Kuna nazi inangoja hapa."

Jibu la udhu ule lilikuja baada ya siku chache. Mume wa mjumbe mmoja alimwambia mkewe ampigie kura mwalimu, mke akamjibu kwamba haiwezekani tena, ameshafungwa. Mume hakuuliza amefungwa na nini, kwetu neno hilo lina maana moja. Alikwenda moja kwa moja kwa mwalimu, na mwalimu akapeleka malalamiko kwenye kamati ya maadili ya chama: kwamba mgombea mwenzake amewaapisha wajumbe kwa msahafu wampigie kura yeye, na wasimwambie mtu yeyote kwamba wameapa.

Kwetu mambo haya si mzaha. Mtu anaweza kupokea kanga ya mgombea huyu na sukari ya yule, halafu akaenda kumpigia wa tatu, na akalala usingizi mzuri. Lakini akishaweka mkono juu ya msahafu amekwisha. Dada alilijua hilo, na kanuni za chama zinalikataza waziwazi: mgombea akithibitika amemfunga mjumbe kwa kiapo, jina lake linaondolewa.

Kamati ilikaa kwenye ofisi ya chama, chumba kimoja chenye madirisha ya mbao. Mwenyekiti alikuwa mzee mwenye mashamba ya mikorosho. Alikuwepo ustadhi wa chuo cha Kurani, na katibu kijana aliyetoka Kilindoni, makao makuu ya wilaya, na kompyuta yake mpakato. Watu walijaa nje, kwenye kivuli cha paa, na madirisha yalikuwa wazi, kwa hiyo kila neno tulilisikia.

Wa kwanza kuitwa alikuwa mama anayeuza vitumbua.

"Uliapishwa?" mwenyekiti akamuuliza.

"Mwenyekiti, nikikwambia ndiyo, nimevunja. Nikikwambia hapana, nimekudanganya. Niache niende, nimeanika korosho na wingu lile silipendi."

"Umevunja nini?"

"Hicho ndicho nisichoweza kukwambia."

Nje watu wakacheka. Katibu akainua mikono kutoka kwenye kompyuta. "Sasa hapa niandike nini?"

"Andika ameanika korosho," ustadhi akasema.

Wa pili akajibu hivyohivyo, na wa tatu. Mmoja alisema tu, "Mungu anajua," na mwenyekiti akamwambia kwamba Mungu si mjumbe wa kikao hiki, kisha akamwomba Mungu msamaha papo hapo. Katibu akamwinamia mwenyekiti na kumnong'oneza, lakini alikuwa hajui kunong'ona. Alisema wakubwa wilayani wamepiga simu, wanaomba jambo limalizwe kimya kimya, maana binti anapendwa na chama kinahitaji kata hii.

"Wa vyama vingine tunawasema mkutanoni kila siku," mwenyekiti alimjibu kwa sauti yake ya kawaida. "Wetu tukimficha, tutasimama na uso gani?" Halafu akatazama dirishani. "Nasikia yupo mjumbe mmoja mwanamke ambaye hajafungwa na chochote. Huyo aje kesho."

Wote wakageuka kunitazama. Nilikuwa nimetamani kutazamwa hivyo tangu niliporudi kutoka chuo kikuu, na sasa nilitamani ardhi inifunike.

Alasiri ile dada alikuja kwetu. Nilikuwa barazani nabangua korosho za kula. Akakaa, akachukua jiwe, akaanza kubangua pamoja nami. Alikuwa anabangua vizuri kuliko mimi. Korosho zake zilitoka nzima.

"Utasema nini kesho?"

"Nilichokiona."

"Uliona nini?"

"Watu wanatawadha."

Akacheka. "Basi na msikiti wote uitwe."

Nilikuwa nimejitayarisha kumwambia mengi: kuhusu haki ya mjumbe, kuhusu mwalimu yule aliyetufundisha sote kusoma. Yalikuwa maneno mazuri, nilikuwa nimeyapanga tangu mchana. Kilichotoka mdomoni kilikuwa kingine.

"Kwa nini hukuniita?"

Jiwe lake likasimama hewani. "Wapi?"

"Siku ile. Uani."

Nadhani alikuja amejiandaa kwa swali lolote ila hilo.

"Niliowaita ni wale nisiokuwa na hakika nao," alisema. "Wewe ni ndugu yangu. Wewe wa kuapishwa?"

Lilikuwa jibu zuri sana. Lilikuwa jibu ambalo mtu angempa shahidi wa kesho, na lilikuwa pia jibu ambalo ndugu angempa ndugu, na hakukuwa na njia ya kujua ni lipi. Nilimtazama usoni, nikatazama mikono yake. Aliendelea kubangua. Alipoondoka aliniachia bakuli limejaa, na mama aliporudi alimsifu yeye.

Usingizi haukunijia kirahisi. Kama nikisema na dada akaondolewa, je, nimesema kwa sababu ni kweli au kwa sababu nimemwonea wivu maisha yangu yote? Na nikinyamaza ili nisionekane na wivu, si ndio wivu uleule umenifunga mdomo? Mwishowe niliamua kwamba ukweli hauulizi umetoka moyo gani. Asubuhi uamuzi ule haukuonekana mzuri kama ulivyoonekana usiku, lakini sikuwa na mwingine.

Mwenyekiti aliniuliza taratibu. "Uliuona msahafu?"

"Hapana."

"Ulikisikia kiapo?"

"Hapana."

"Sasa uliona nini, binti yangu?"

"Niliwaona wajumbe wanatawadha saa nne asubuhi, uani kwa mgombea. Wajumbe wote wanawake. Isipokuwa mimi."

Kutoka nje sauti ya mwanamke ikapaa. "Wivu huo! Digrii anayo, watu hana! Amemuona mwenzake anapendwa, anakosa usingizi!"

Watu waliguna, wengine wakacheka. Nilihisi masikio yanawaka, hasa kwa sababu kuhusu usingizi alikuwa amesema kweli. Lakini ustadhi aliinua mkono.

"Wivu wake ni wake na Mola wake," alisema. "Mimi nauliza la udhu. Mtu anatawadha ili asali au ashike msahafu. Sala haikuwepo."

Katibu akasafisha koo. Kwa kanuni, alisema, mwanachama anayekataa kujibu mbele ya kamati anaweza kusimamishwa uanachama. Kwa kuwa wajumbe wote wale wamekataa, anapendekeza wasimamishwe wote. Mama wa vitumbua akaanza kulia palepale, kimya kimya, anajifuta kwa ncha ya ushungi. Alikuwa kwenye chama tangu enzi za mumewe marehemu. Kadi yake aliihifadhi kwenye bati la biskuti pamoja na cheti cha ndoa, kila mtu alilijua hilo.

Dada, aliyekuwa amekaa kwenye benchi la nyuma, akasimama.

"Waacheni," alisema. "Hao wameapa. Mimi sikuapa, kwa hiyo mimi naweza kusema. Niliwaita kwangu, nikawashikisha msahafu. Nilimwogopa mwalimu, maana kila mtu hapa amefundishwa naye. Wao hawana kosa, kosa ni langu."

Hakutazama chini wala hakulia. Nilikaa kwenye kiti cha shahidi, nimesema ukweli wangu mdogo uliotaka kutetewa na ustadhi, na yeye kwa maneno machache alikuwa ameuchukua ukweli wote ukawa wake. Nilimwonea wivu hata wakati anaanguka.

Baada ya adhuhuri mwenyekiti alisoma uamuzi. Jina la dada liliondolewa kwenye kura za maoni, akapewa onyo kali, na akazuiwa kugombea uongozi wowote wa chama mpaka uchaguzi mwingine upite. Mwenyekiti aliusoma mwenyewe, hakumwachia katibu, na alipomaliza alivua miwani akakaa nayo mkononi. Mke wake ndiye aliyekuwa akichukua mikate ya dada kila asubuhi. Mwalimu mstaafu alibaki peke yake kwenye kinyang'anyiro. Hakushangilia, alikwenda akampa dada mkono.

Kamati ikataka kila mjumbe athibitishe ili shauri lifungwe. Sasa dada mwenyewe alikuwa amelifungua jambo, nao wakasema.

"Mimi nilishika kwa kitambaa," mama wa vitumbua alisema, "maana siku ile sikuwa twahara. Sijui kama changu kinahesabika."

"Kiapo ni ulimi na nia, si kidole," ustadhi akamjibu. "Kinahesabika. Na sasa mmesema mlichoapa kutokisema, kwa hiyo kuna kafara. Mlishe masikini kumi, kila mmoja wenu."

"Masikini kumi tutawatoa wapi, ustadhi? Masikini si ndio sisi?"

"Basi mtafunga siku tatu."

Wakafunga. Walikubaliana wafunge pamoja, na dada akafunga nao. Ustadhi alimkumbusha kwamba yeye hakuapa, hana kafara. Alisema anajua.

Siku ya mwisho mama alinituma niwapelekee tambi za nazi. Sikutaka kwenda. Nilifikiri watanyamaza kama walivyonyamaza siku ile, kisha nikafikiri kwamba nisipokwenda watasema naona aibu, kisha mama akanisukumia sufuria mikononi. Jua lilikuwa linazama. Uani wametandika mikeka, wamekaa duara, midomo imekauka, wanacheka jambo ambalo sikuliwahi. Yule aliyenipigia kelele dirishani alikuwa ameegemea bega la dada. Dada alikuwa anagawa uji kwenye vikombe. Hakuna aliyenitazama vibaya. Hilo ndilo lililonishangaza: hakuna aliyekuwa na hasira nami. Walikuwa wamekosa pamoja, wakaadhibiwa pamoja, na sasa walikuwa wanangoja adhana pamoja, na hasira haikuwa na pa kukaa.

"Karibu, mdogo wangu," dada alisema, akanisogezea nafasi. "Weka hapo katikati."

Nikakaa. Adhana ikaanza. Mama wa vitumbua akanigeukia.

"Na wewe umefunga?"

Mchana nilikuwa nimekula wali na samaki, nikashiba. Nikasema hapana.

"Basi tupishe kidogo, mwanangu, wenye njaa," akasema, bila ubaya wowote, na mkono wake ukapita mbele yangu kufuata tende.