Unono wa Malkia

Atupele alikuwa na ng'ombe mmoja tu wa maziwa, jina lake Malkia, na pale kijijini Itaka watu walimsifia kwa alivyomtunza. Alipomkausha maziwa akisubiri azae, alimwongezea pumba na mashudu ya alizeti asubuhi na jioni. Malkia akanenepa, mgongo ukawa bapa, mbavu hazionekani. Wanakwaya wenzake waliopita nyumbani walisimama bandani kumtazama, na Atupele alifurahi kuliko alivyoonyesha.

Aliyesaidia kazi za banda alikuwa wifi yake Loisi, dada wa mumewe Luka, aliyerudi nyumbani kwao baada ya kufiwa na mume. Alikata majani, akazoa samadi, na chakula alikitoa kama alivyoagizwa.

Malkia alizaa salama. Siku chache baadaye akaanza kukataa pumba, akawa anatafunatafuna majani makavu tu. Maziwa yakapungua, mwili ukanyauka haraka mno, na pumzi yake ikawa na harufu tamu kama ya ndizi zilizoiva kupita kiasi. Asubuhi moja alishindwa kusimama.

Atupele alichanganyikiwa. Akamgeukia Loisi mbele ya Luka.

"Umemlisha nini ng'ombe wangu, wifi?"

Loisi alisema hakumpa chochote zaidi ya alivyoambiwa. Atupele akasema pumzi ile ilikuwa ya sumu, na kwamba mtu asiye na chake huumia akiona cha mwenzake. Luka aliinamisha kichwa asiseme neno. Jioni ile Loisi alifunga nguo zake kwenye kitenge, akaenda kwa binti yake aliyeishi mji wa Mpemba.

Daktari wa mifugo, Raphaeli, alifika kesho yake. Alipima mkojo kwa kijikaratasi kikageuka zambarau, kisha akauliza ng'ombe alilishwaje kabla ya kuzaa. Atupele alieleza kila kitu, hata kwa fahari kidogo.

"Hajalishwa sumu, mama," Raphaeli alisema. "Alinenepa mno. Akishazaa, maziwa yanataka nguvu nyingi kuliko anayopata kwenye chakula, basi mwili unayeyusha mafuta yake wenyewe. Yakiwa mengi yanajaa kwenye ini, ini linaelemewa, na hamu ya kula inakufa."

Alimtundikia dripu ya glukosi, akaacha dawa ya kumnywesha. Atupele alishika kichwa cha ng'ombe wakati wote huo.

Malkia alisimama baada ya muda, lakini maziwa hayakurudi kama ya uzao uliotangulia. Atupele akapanda gari kwenda Mpemba. Loisi alimkaribisha, akampikia ugali na maharage, akamsikiliza mpaka mwisho. Atupele alisema yote, pamoja na kwamba chakula kile aliagiza yeye mwenyewe.

"Nimekusamehe, wifi," Loisi alisema. "Ila kurudi, hapana. Kaka yangu alikuwepo, akanyamaza."

Atupele aliaga, akapanda gari kurudi. Alipofika nyumbani alimweleza Luka maneno yale kama yalivyosemwa. Luka alivaa koti, akatoka nje, akakaa huko muda mrefu. Hakusema atakwenda Mpemba, wala hakusema hatakwenda. Atupele akachukua ndoo, akaenda kukamua peke yake.