Visiki Thelathini na Kimoja vya Nahodha Obedi

Saa tatu na nusu asubuhi, katika duka la vifaa vya umeme jua jijini Dodoma, Obedi Ndahani anafungua gazeti juu ya kaunta na kutoa samaki. Ni perege mmoja aliyekwisha kulegea kwa safari. Obedi anampapasa kwa mikono miwili, anamrudisha gazetini, kisha ananyoosha kidole chenye utelezi kuelekea skrini iliyo mbele yake.

Mwenye duka, Uwesu, anainua mkono kumzuia, lakini amechelewa. Dakika tano zilizopita alimpa mzee huyu shikamoo na kiti. Habari ya samaki hakuambiwa.

“Mwanangu, nikiwa kazini mikono yangu iko hivi,” Obedi anamwambia kwa upole. “Kama hakinisikii hapa, bwawani kitanisikia?”

Skrini haimsikii. Anaigusa mara nne bila jibu, na mara ya tano inafungua ukurasa ambao hata Uwesu hajawahi kuuona.

Obedi ana miaka hamsini na saba. Kwa miaka ishirini na miwili amekuwa nahodha wa boti inayovusha watu na mizigo katika Bwawa la Mtera, kusini mwa jiji hili. Nauli ni shilingi elfu tatu. Asiyetaka boti huzunguka kwa barabara, na safari hiyo humla nusu siku.

Safari hii ametumwa na chama cha boti cha kijijini kwao. Wanachama ishirini na sita wamejinyima misimu miwili wakapata shilingi milioni moja na laki tisa, za kununua kifaa kimoja cha kuongozea boti: skrini inayoonyesha mahali ulipo, kina cha maji na kilicholala chini yake. Pesa zote wamemkabidhi Obedi. Usiku alilala Mkonze kwa mpwa wake, na anasema usingizi ulikuwa wa mang'amung'amu.

Ana sababu. Bwawa lilipojaa, zamani hizo, lilifunika msitu. Miti mingine bado imesimama mikavu majini, ndege wanatua juu yake, nayo haina shida kwa kuwa inaonekana. Mibaya ni ile iliyovunjika ikabaki chini. Mwezi wa tano, maji yakiwa mengi, unapita juu yake kwa amani zako. Mwezi wa kumi maji yameshuka, na kisiki kimebakiza kiganja kimoja tu kufika juu.

Kijijini kwao kuna desturi moja kali kidogo. Kisiki kikigonga boti, kinapewa jina la nahodha aliyekuwa usukani, na jina halifutwi. Kuna kisiki cha Kefa, kuna cha Ambokile. Bartolomayo amegonga mara mbili, kwa hiyo kuna Bartolomayo Mkubwa na Bartolomayo Mdogo. Majina yote yako kwenye kaunta buku moja iliyofungwa kwa mpira, na mtunzaji wake ni Obedi. Walimchagua kwa kuwa yeye peke yake alikuwa hajawahi kugonga.

Aliitumia vizuri heshima hiyo. Kwa miaka ishirini na moja aliwatania wenzake mpaka misibani.

Oktoba mwaka jana, akiwa na abiria kumi na wanne, alikutana na kisiki cha thelathini na moja. Boti ililala upande. Hakuna aliyezama, lakini Emiliana, mama anayenunua samaki ng'ambo na kuwauza sokoni, alirushwa juu ya benchi akavunjika mkono.

“Niliandika jina langu mwenyewe,” Obedi anasema. “Watu walisema ni bahati mbaya. Mimi nilijua macho yangu hayasomi tena maji kama zamani.”

Tangu siku hiyo Emiliana hajapanda boti. Anazunguka kwa barabara na ndoo zake, anafika sokoni wenzake wameshamaliza. Hilo linamuuma Obedi kuliko utani wote wa akina Kefa, ambao, ukweli usemwe, hawakumwonea huruma hata kidogo.

Hapo kaunta kuna skrini tatu. Uwesu ameziagiza Dar es Salaam kwa makubaliano kwamba mbili zitarudi bila doa, ndiyo maana samaki yule amempandisha presha.

Iliyopakwa utelezi ndiyo kubwa kuliko zote. Kizuri chajiuza, na hiyo ilikuwa ikijiuza tangu mlangoni: bahari ya buluu, visiwa, kiboti kidogo kinakata maji chenyewe. Obedi anakiri kwamba alikuwa ameshaipenda. Lakini baada ya kuifuta, anaomba aonyeshwe Mtera. Uwesu anaivuta ramani kutoka pwani, anapita Morogoro, anafika. Bwawa zima limepakwa rangi ya njano, maana yake nchi kavu. Kwa mujibu wa kifaa hicho, Obedi amevusha watu juu ya mchanga miaka yote hiyo.

“Kinajua bahari za watu wote,” anasema kwa masikitiko. “Kwetu hakijafika.”

Ya pili ni ndogo na ya bei nafuu, na chenji yake ingewafurahisha wanachama. Inapima kina cha maji chini ya boti, basi, haiweki alama wala haikumbuki ulikopita. Obedi anaikataa bila kugombana nayo. Kifaa hicho, anasema, kitamwambia kisiki kipo akiwa ameshakikalia.

Ya tatu ina umbo la redio za zamani na vitufe vinene kama vidonge vya dawa ya mbuzi. Anarudi kwa perege wake, anabonyeza, kila kitufe kinatii. Anaitoa nje juani, anaitazama akiwa na kofia na bila kofia. Inasomeka. Uwesu anamweleza kwamba inachora kina kila inapopita, inahifadhi alama na majina, na inalia ukikaribia alama.

Limebaki swali moja. Obedi anataka kujua kama kifaa kinaelewa kwamba bwawa linashuka, kwa sababu kina kilichopimwa mwezi wa sita ni uongo mwezi wa kumi. Uwesu hajui, na anasema wazi kwamba hajui. Anakaa na kitabu cha maelekezo karibu saa nzima, Obedi akinywa chai, mpaka anapata mahali pa kuingiza kiasi cha maji yaliyopungua.

Obedi anasimama. Gatini kwao, anasema, ameshasimika nguzo yenye alama za rangi. Kila asubuhi ataisoma. Analipa, na Uwesu anamsihi asimsahau samaki wake.

Baada ya kurudi kijijini, mwezi wa sita na wa saba, alizunguka bwawa na kaunta buku mapajani, akiingiza kisiki kimoja kimoja. Alianza na chake. Kisha akakifunga kifaa kwenye kitenge akakipeleka nyumbani kwa Emiliana. Mama huyo alikitazama kwa adabu.

“Baba Ruthu, mimi siogopi maji,” alimwambia. “Naogopa ulivyoniambia siku ile: tulia mama, hapa pana kina.”

Obedi alimwambia tu kwamba boti inaondoka Jumamosi, kama kawaida.

Zilipita Jumamosi nyingi. Ya pili ya mwezi huu wa Oktoba, Obedi amekwisha kusoma nguzo na anawaamkia abiria, “Mbukwenyi,” Emiliana anapoingia na ndoo zake. Haendi nyuma alikozoea. Anakaa karibu na skrini, mkono mmoja umeshika ukingo wa boti.

Katikati ya bwawa maji yametulia, hakuna kinachoonekana. Kifaa kinalia. Obedi anapunguza moto, na Emiliana anainama kusoma jina la kisiki.

“Obedi,” anasema. “Mita arobaini.”

Boti inazunguka taratibu upande wa kushoto. Ubavuni kinapita kivuli cheusi, kiganja kimoja chini ya maji. Emiliana anakifuata kwa macho mpaka kinabaki nyuma. Kisha anaachia ukingo wa boti na kumuuliza jirani yake bei ya perege wa leo.

Obedi anapangusa macho kwa mgongo wa mkono, anasingizia upepo. Amebakiza miaka mitatu kabla ya kumwachia mwingine usukani. Anafungua kaunta buku kuonyesha ukurasa wa mwisho: jina lake, na chini yake namba thelathini na mbili, ameiandika na kuiacha bila jina.

“Naomba nistaafu mstari huu ukiwa mtupu,” anasema.