Mawe Sita Kwa Pikapu ya Baba

Hata leo nikifunga macho naisikia: mitungi ya maziwa ikigongana, kwang, kwang, kisha kimya kidogo, kisha ule wa mwisho peke yake, polepole, kama mtu aliyechelewa kuitikia amina.

Nilikuwa nimeshuka ile kona iliyo chini ya kituo cha kupimia majani chai. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na udongo mwekundu ulikuwa umelainika kama sabuni. Nyuma ya pikapu ikaanza kwenda na mambo yake. Mimi nikafanya kile mguu wangu ulijua kufanya, nikakanyaga breki yote. Pikapu ikageuka taratibu, kwa heshima kabisa, ikaenda kulala kwa mtaro. Maziwa ya majirani saba yakashuka katikati ya mistari ya chai. Mbwa walifika kabla ya watu.

Hakuna aliyeumia. Baba alikuja na gambuti zake, akazunguka gari, akaangalia maziwa, akaniangalia mimi. Nilikuwa nalia, na si gari nililolilia. Nilifikiria wale ng'ombe waliosimama kwa baridi wakikamuliwa bure.

"Jua ikiwaka, endesha," baba alisema. "Mvua ikinyesha, hiyo ni kazi yangu."

Kwa mtu wa kwingine hiyo ni adhabu ndogo. Lakini huku kwetu mvua haiulizi mtu, na goti la baba la kushoto, lile la klachi, lilikuwa limeanza kuvimba. Asubuhi za mvua alikuwa akirudi kutoka kupeleka maziwa na hashuki. Anafungua mlango, anatoa mguu mmoja nje, anakaa hapo akijifanya anasikiliza redio. Redio ya hiyo pikapu haijawahi kufanya kazi tangu nizaliwe.

Nilimwangalia nikiwa kwa dirisha la jikoni na chai yangu, na hapo nikaamua. Lazima nijue matope, nimtoe baba kwa hicho kiti.

Kiangazi kilipoingia nikasikia kuna watu wanajifundisha kuendesha upande wa Chebunyo, kwa uwanja wa mnada wa ng'ombe, Jumamosi ambazo hakuna mnada. Hawafukuzani. Gari moja inaingia kwa zamu yake, inazunguka matairi ya zamani yaliyopangwa chini, mtu anashika saa. Pembe moja ya uwanja wanaimwagia maji mpaka inakuwa matope hasa. Mimi kichwani nilikuwa nimeshavaa helmeti na kupungia watu mkono.

Nikamwomba baba pikapu.

"Unaenda kufunzwa nini?"

"Kuteleza, baba."

"Kuteleza si ulishajua?" Lakini jua lilikuwa linawaka, na sheria ilikuwa yake mwenyewe. Akanipa.

Sasa, kwa milima yetu kila mwenye pikapu anajua jambo moja: msimu wa mvua unaweka mawe nyuma, ili gari ishike ardhi. Baba ana yake sita, makubwa, yamefungwa kwa magunia. Aliyaokota mtoni kabla ya kumwoa mama. Siku ya kwenda Chebunyo niliyaacha pale pale nyuma ya pikapu, na nikaongeza mawili ya kwangu, nionekane mtu aliyejiandaa.

Mwalimu wetu alikuwa fundi mstaafu, mzee wa upande wa ziwa aliyetengeneza matrekta ya shamba la chai mpaka nywele zikaisha. Alizunguka pikapu, akachungulia nyuma.

"Dada yangu, umekuja kujifunza ama unajenga?"

"Ni ya kushikilia gari, mzee. Isiteleze."

"Ahaa. Nyinyi watu wa milimani." Akanipa helmeti ya kuazima, inanuka mafuta ya nywele ya watu wote. "Haya, ingia nayo. Ukirudi utaniambia."

Tairi la kwanza nilipita vizuri. La pili, vizuri. Kwa ile pembe ya matope nikakata kona, na nyuma yangu nikasikia gubu, gubu, mawe yanahama nyumba. Pikapu ikazunguka yote. Iliposimama nilikuwa naangalia nilikotoka, na kijana mmoja mwenye gari ya chini chini, amekaa juu ya boneti yake, ananipigia makofi.

"Wa maziwa, siagi tayari?"

Mzee alikuja polepole, mikono nyuma. "Kupanda mlima, hiyo mawe inakusaidia. Sikatai. Lakini kwa kona wewe umegeuka, na jiwe bado linataka kuendelea na safari yake. Nani atashinda?"

"Jiwe."

"Basi teremsha."

Niliteremsha yote manane mwenyewe, na moyo ulikuwa unaniuma kama nimemsengenya baba.

Nilirudi huko Jumamosi nyingi. Nilijifunza kumaliza breki kabla ya kona, si ndani yake. Nilijifunza kwamba nyuma ikianza kuondoka, mguu unatoka kwa mafuta pole pole, haurukii breki, na usukani unafuata upande ule nyuma inakokwenda, kidogo tu, kama unamshika mtoto asianguke. Kigumu zaidi kilikuwa macho.

"Unaangalia wapi?" mzee aliniuliza mara moja akiwa kando yangu.

"Lile tairi, nisiligonge."

"Basi utaligonga."

Nikaligonga. Baada ya hapo nikawa naangalia mahali ninapotaka kufika, na ni ajabu jinsi gari inatii macho. Kwa saa nilikuwa wa mwisho kila mara, isipokuwa siku moja nilipomshinda yule kijana wa siagi. Klachi yake ilikuwa imeungua, lakini ushindi ni ushindi.

Kumwambia baba habari ya mawe ndiko kulinishinda. Kila Jumamosi jioni nilikuwa nayarudisha nyuma ya pikapu kabla ya kufika nyumbani.

Kisha mvua ikarudi. Asubuhi moja baba alikaa kwa kiti kuvaa gambuti, na ya kushoto ikakataa kuingia. Akavuta, akapumzika, akavuta tena. Mama alijifanya anatafuta kijiko.

"Baba, wacha nipeleke maziwa mimi."

"Kunanyesha."

"Najua. Twende sisi wawili. Nikikosea, hutanipa tena."

Aliiweka gambuti kando, akasema, "Leta mwavuli."

Kabla ya kuondoka nilisukuma mitungi mpaka ikagusa kebini, nikaifunga kwa kamba. Halafu nikasimama kwa mvua nikiangalia mawe. "Haya mawe, mwalimu wangu alisema yanavuta gari kwa kona."

"Mwalimu wako alizaliwa wapi?"

"Kwa ziwa."

"Kuna mlima huko?"

Mawe yakabaki. Tukashuka. Kabla ya ile kona nikamaliza breki mapema sana, mpaka baba akaniangalia. Katikati ya kona nyuma ikaondoka. Niliangalia kule mbele, lango la kanisa, mguu ukatoka taratibu, mikono ikafuata. Pikapu ikajitingisha na kurudi njiani. Baba alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono miwili.

Nusu kilomita mbele ndipo alipoiachilia.

"Ulifanya nini hapo?"

"Sikufanya kitu, baba. Nilitoa tu mguu."

"Mh."

Tuliporudi alishuka, akaenda nyuma, akasimama. "Toa mawe mawili," alisema. "Tuone." Na jioni, akisugua goti kwa mafuta, bila kuniangalia: "We chepto, binti yangu. Kesho kukinyesha, usiniamshe."

Kulinyesha. Nilipakia mitungi kabla hakujapambazuka vizuri. Dirisha lake lilikuwa giza. Sikuwasha injini. Nilitoa gia, nikalegeza handibreki kidogo kidogo, na pikapu ikateremka yenyewe juu ya nyasi zilizolowa, polepole, mpaka barabarani, mbali na dirisha la baba, ndipo nikawasha.