Siku Walipoogopa Kumwosha Mama

Mwanangu, iko siku moja ambayo kila nikitaka kuisimulia naahirisha. Leo sitaahirisha, kwa sababu umenipigia simu ukasema umekubaliwa kusomea kazi yangu ya kupima mionzi, na sauti yako ilikuwa na furaha ambayo ilinifurahisha kisha ikanitia wasiwasi. Nakuita mwanangu ingawa umri wetu haukuachana sana. Wewe ni mtoto wa kaka yangu, na hapa mtaani kwetu Buyenzi shangazi hangoji mvi ili awe mama. Hata hivyo nimejiuliza sana kama nina haki ya kumpa mtu nasaha, mimi ninayeandika hata ujumbe wa salamu, nikaufuta, nikauandika upya. Wazee waliostahili kukupa hawapo. Basi nivumilie.

Unakumbuka kwamba bibi yako alipougua saratani alipelekwa Kampala kutibiwa kwa mionzi. Tiba ile haina siri. Mgonjwa analala mezani, mashini inammulika, inazimwa, anaamka anaondoka. Hakuna kinachobaki mwilini, kama vile mtu aliyepigwa picha ya kifua hospitali asivyobaki na kitu. Mimi wakati huo nilikuwa nimetoka chuoni na nimeanza kazi Ulaya, katika maabara ya kimataifa. Tulikuwa tukipokea vibeji vidogo ambavyo wafanyakazi wa hospitali huvaa kifuani, tunapima kila mmoja amepata mionzi kiasi gani. Kabla ya kupima chochote, tunapima kwanza chumba kitupu, maana hata chumba kitupu kina mionzi yake: inatoka ardhini, inatoka angani, hata ndani ya mifupa yetu imo. Ndiyo maana kule hakuna anayeandika neno "hakuna." Tunaandika kwamba kilichopo ni kidogo kuliko tunachoweza kupima. Mkuu wangu aliwahi kunirudishia ripoti kwa sababu niliandika sifuri. Niliona aibu sana, nikaapa kwamba neno hilo halitatoka tena mkononi mwangu. Wala mdomoni.

Mama alipozidiwa niliomba ruhusa nikaja. Nilimkuta bado ananitambua. Alifariki asubuhi, na ikapangwa azikwe baada ya sala ya alasiri. Mafundi wa gereji ya jirani waliacha kugonga mabati bila kuombwa. Kaka, baba yako, alienda na wanaume kushughulikia kaburi, na mimi nikabaki na wanawake. Bi Mariamu, mwoshaji wa mtaa wetu, alikuwa chumbani akipanga maji, kafuri na sanda. Waliotakiwa kumsaidia walikuwa uani, lakini hakuna aliyekuwa akiingia.

Mama Jumaine, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, ndiye aliyenifuata.

"Salma, usikasirike," alisema. "We ndo unajua mambo hii. Ile mionzi walimuwekea mama kule Kampala, bado iko mu mwili ama haiko? Mi niko na mimba."

Nilimtazama tumbo. Hata leo sioni ubaya katika swali lake. Lilikuwa swali la mama mwenye hofu, na jibu lake lilikuwa neno moja. Lakini mimi, mwanangu, nilianza kufikiri. Nikaona nikisema haiko nitakuwa nimesema lile neno lisilosemwa. Nikajiona niko mbele ya mkuu wangu.

"Mionzi iko kila mahali, Mama Jumaine," nilijibu. "Hata wewe unayo, hata mimi. Sifuri kabisa haipatikani. Ningekuwa na kifaa changu hapa ningekwambia ni kiasi gani."

Nilidhani namtuliza. Nilikuwa nataka kuendelea, nieleze habari ya ardhi na mifupa, lakini alikwishageuka.

"Mumesikia?" aliwaambia wenzake. "Amesema iko. Na huyu ndo mwenye kupima."

Hawakugombana na mtu. Mmoja alichukua kanga yake, mwingine akasema anaenda kuangalia chakula, mwingine akamfuata. Ua ukabaki wazi.

Bi Mariamu alitoka akiwa amekunja mikono ya gauni.

"Batu wa kunisaidia wako wapi? Maji yanapoa."

Nilimweleza. Nikamrudia jibu langu lote, na nakiri nililisema kwa kujitetea, kama mtu aliyeonewa. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Umemaliza?"

"Ndiyo, bibi."

"Sasa nijibu mi. Nikimugusa mama yako, nitagonjwa?"

"Apana."

"Mtoto wa Mama Jumaine aliye tumboni, atapata kitu?"

"Apana, bibi. Hatapata kitu."

"Una hakika, ama utataka tena kifaa?"

"Nina hakika."

"Basi hilo ndilo neno walikuja kutafuta. Walikuuliza habari ya mama yako, we ukawajibu habari ya dunia." Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angenipigia kelele. "Wafuate. Halafu rudi uingie, maana mi peke yangu siwezi kumgeuza."

Niliwakuta kwenye lango la gereji. Nikasema mama hana mionzi, mashini ilikuwa nje ya mwili wake, ilizimwa, ikaisha, na mimi mwenyewe naenda kumshika kwa mikono yangu. Mama Jumaine aliangalia chini.

"Salma, mara iko, mara haiko. Tushike lipi?" Kisha akasema taratibu, "Mama yako tulimupenda. Unisamehe."

Nilirudi peke yangu. Ningekuwa mimi mwenye mimba, nisingerudi pia.

Tukamwosha wawili, mimi na Bi Mariamu. Sikuwahi kuosha maiti. Aliniambia nianze upande wa kulia, nisimmwagie maji bali nimteremshie, kwa upole, kama anasikia. Mama alikuwa mwepesi. Lakini Bi Mariamu alikuwa mzee na mimi sikujua pa kushika, na tulipomgeuza nusura atuponyoke. Bibi yako, mwanangu, hakukosa msiba wa mtu yeyote mtaani. Wangapi aliwaosha, wangapi aliwafunga sanda, hata wageni waliotoka ng'ambo ya mpaka wakafia hapa bila ndugu. Siku yake ilipofika, mikono iliyotakiwa kumwosha ilikuwa uani, na niliyeiondoa ni mimi.

Mama Jumaine alijifungua salama. Siku moja aliniambia, kwa huzuni na bila lawama, "Ungesema tu apana, ningeingia." Sijui kama anajua kwamba nalisikia neno hilo kila ninapokaa kwenye meza yangu ya kazi.

Sasa nasaha yangu ni hii. Maabarani andika kila kitu pamoja na shaka yake, wala usimsikilize anayekuharakisha. Lakini mtu akikujia na hofu yake, jua kwanza anauliza nini. Kama hatari ipo, mwambie ipo. Kama haipo, anza kwa kusema haipo, kisha ndipo umweleze mengine akiwa amekaa. Na jichunguze, kwa sababu wewe na mimi ni watu wa kufikiri mno. Nimewaza sana juu ya jibu langu la siku ile, na nimeona kwamba sikuwa nalinda ukweli. Ukweli ulikuwa rahisi na nilikuwa nao. Nilikuwa najilinda mimi, nisije nikaambiwa nimekosea. Shaka ya namna hiyo inafanana sana na uaminifu, hata mwenye nayo anadanganyika.

Nenda ukasome, mwanangu. Mwenyezi Mungu akulinde huko uendako, akujalie macho ya kusoma vipimo sawasawa na moyo wa kumsoma mtu aliye mbele yako. Akupe ujasiri wa kulitoa neno ulilo na hakika nalo wakati bado kuna anayelingoja. Na amrehemu bibi yako, ampe huko aliko mikono mingi kuliko tuliyompa sisi. Amina.