Bibi wa Sebuleni kwa Mhandisi

Kazi ya ukarani pale Garsen niliikosa mwaka 1956 kwa ujinga wangu mwenyewe. Siku ya mwisho ya maombi nilipeleka barua yangu kwa mhandisi Mzungu, aitie sahihi kabla hajavuka na feri ya saa nne. Ndani ya kiza cha sebule niliona bibi mrembo, gauni rangi ya ukungu wa mtoni, ameinama, amezama katika mawazo. Kwetu huingii kwa mke wa mtu bila ruhusa.

"Hodi, mama. Bwana yupo?"

Kimya. Nikadhani amefiwa, nikampa pole. Jua likanichoma mlangoni, saa nne ikapita.

Mara jirani na shemeji yangu Dhadho, mfanyakazi wa mle, akaja na kitambaa, akamtungua bibi ukutani, akampangusa uso.

"Shemeji, umesoma mpaka sekondari, unaipigia picha hodi? Bwana alikuwa nyuma anakunywa chai. Sasa ameshavuka."