Tembe la Bibi na Mji wa Misri

Enzi zetu, kujenga mji ilikuwa kazi ya likizo nzima. Watoto wa siku hizi wanajenga mji kwenye simu wakiwa wamelala chali, kitu kikichelewa wanabonyeza kialama cha almasi kinaisha hapo hapo, na bado wanalalamika kuwa mchezo unachosha. Sisi tulisubiri. Ngano ilipandwa, Mto Nile ukafurika, ukapungua, ndipo watu wakavuna. Umeme ukikatika kabla hujasevu, ulianza upya na hukuwa na wa kumlaumu.

Nazungumza na wenzangu mliowahi kukaa mbele ya kompyuta yenye kichogo kikubwa kuliko begi la shule. Kwetu ni Mwankoko, pembeni ya Singida mjini. Baba alikuwa bwana mifugo, na ofisi yao ilipopata mashine mpya, ile ya zamani ikaja nyumbani. Ikawekwa sebuleni juu ya kitambaa cha kufuma, na mama akaishonea kifuniko cha kuzuia vumbi. Ndani yake mtu wa ofisini alikuwa ameacha mchezo mmoja tu, wa kujenga miji ya kale. Unapewa jangwa, mto na watu wachache wenye vikapu. Ukiwapa mkate, vyungu na maji, nyumba zao zinageuka zenyewe: leo udongo, kesho tofali, kesho kutwa ghorofa lenye bustani. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na nilijiona mhandisi kamili.

Likizo ya Juni, Bibi, mama yake baba, aliletwa kwetu kutoka Ilongero kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Bandeji ilipotolewa, daktari akamwambia akae mbali na moshi mpaka apone. Sebuleni hakukuwa na moshi, kwa hiyo akawa anashinda na mimi, kanga mabegani, bakuli la karanga mapajani. Siku ya kwanza nilimwamkia, akaitikia marahaba, halafu macho yake mapya yakatua kwenye kioo cha kompyuta.

"Hizo nyumba za nani?"

Nikamwambia ni za watu wa Misri ya kale.

"Misri ya Farao?" Akasogeza kiti. "Mbona ni tembe?"

Na kweli zilikuwa tembe. Kuta nene za udongo, paa bapa, mlango mfupi wa kuinama. Mwezi mzima nilikuwa nazijenga na sikuwahi kuona. Bibi alicheka mpaka machozi yakamtoka, na mama akatoka jikoni kumsihi asiyasugue macho.

Tangu siku hiyo tukawa tunajenga wawili. Hakugusa kipanya, lakini amri zote zilikuwa zake. Nikitaka hekalu, anasema ghala kwanza. Yusufu aliiokoa Misri kwa ghala, na aliyekulia Singida hahitaji kuambiwa mara mbili habari za njaa. Nikajenga ghala, na mwaka mto ulipogoma kufurika, watu wangu walikula. Akauliza ng'ombe wao wanalala wapi. Nilipomwambia huku mifugo hailali ndani na watu kama kule Ilongero, aliwasikitikia kwa baridi watakayoipata. "Mke mwenzangu," ndivyo alivyonitania, "mji wako mzuri, ila ndama umewaonea."

Jambo moja tu halikumpendeza, zile nyumba kugeuka.

"Waliokuwa humu wamekwenda wapi?"

"Ni walewale, Bibi. Wamepata nyumba nzuri."

"Na ile waliyoijenga?"

"Imeisha," nikasema, nikaendelea kutafuta pa kuweka soko.

Kumbe alikuwa anauliza ya kwake. Baba na baba mdogo walitaka kulibomoa tembe la Ilongero wamjengee mama yao nyumba ya tofali za kuchoma na bati. Walisema moshi wa mle ndani ndio uliomharibu macho, na nadhani waliona aibu pia. Bibi alikuwa anakataa mwaka wa pili. Tembe lile alilijenga na marehemu babu, udongo wake aliukanyaga kwa miguu akiwa na mimba ya baba. Jioni moja baba alilileta tena jambo hilo, sote tukiwa mezani na ugali ukiwa bado unatoa moshi. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akanigeukia mimi.

"Wewe ndiye unayejua kujenga miji. Unasemaje?"

Safari hii hakuwa anatania. Wiki tatu alikuwa ameniona nikilisha watu na kuwapangia mitaa, na kwake ile ilikuwa kazi, na mwenye kazi yake huulizwa. Baba akanitazama. Nikajibu kama niko kwenye mtihani.

"Bibi, nyumba zikibaki za udongo mji haukui. Watu wanahama."

Bibi akanawa mikono. "Basi bomoeni," akamwambia baba. "Mjenzi amesema."

Lilibomolewa kabla ya mvua. Nilikuwepo, na nisiseme uongo, nilifurahi. Watoto tulipiga kelele kila ukuta ulipoanguka. Bibi alisimama kando akiuliza kama ndama wameshatolewa. Walitolewa tangu asubuhi, lakini aliuliza mara tatu.

Nyumba mpya kila mpita njia aliisifu. Mchana ilichemka, mvua ikinyesha hamsikilizani, na upepo wa Juni ulipenya chini ya bati ukafika mpaka kitandani. "Nzuri, inang'aa," ndilo jibu la Bibi kila tulipomuuliza. Ilituchukua muda kugundua kuwa halali humo. Alikuwa analala kwenye kibanda cha udongo cha jikoni, pamoja na moshi wake, nyumba ile kubwa akiwatunzia wageni. Baba aligomba, mwisho akamwacha. Mimi Bibi hakunilaumu hata siku moja, na afadhali angenilaumu. Aliishi hivyo miaka mitatu, akafariki bado akiniita mjenzi wake.

Mwaka huu nilikwenda Ilongero. Palipokuwa na tembe, nyuma ya ile nyumba ya bati, pamepandwa alizeti. Nikamwomba baba anionyeshe mlango ulikuwa wapi. Yeye akasema huku, baba mdogo akasema kule, wakabishana wazee wazima mpaka wakachoka. Picha hatuna hata moja. Harusi tulipiga, maziko tulipiga, lakini nani angepoteza filamu kwa tembe? Vijana wa leo wanapiga picha chipsi kabla hawajala, nami huwa nawacheka, ila siku ile niliwaonea wivu. Natamani kuinama tena kwenye ule mlango, nisikie harufu ya moshi na maziwa ya mgando, na ndama wakihema upande wa pili wa ukuta. Natamani sana.

Binti yangu, naye ana miaka kumi na miwili, alitaka kujua nyumba ya bibi yangu ilifananaje. Nikautafuta ule mchezo mtandaoni, nikaupakua kwenye laptop, nikajenga nyumba moja kando ya Nile. "Ilikuwa hivi," nikamwambia, "ila na ndama." Tangu hapo huwa naufungua nikitoka kazini, niitazame tu. Kuifanya ibaki vile si kazi ndogo. Ukichimba kisima karibu, inageuka tofali, kwa hiyo kisima sijachimba. Muuza mkate nimemzibia njia.

Juzi binti yangu alisimama nyuma ya kiti changu, akawatazama wale watu wakizunguka na vikapu vitupu.

"Mama, mbona hawa huwapi maji?"

Enzi zile, nikiwa na umri wake huo, nilimjibu Bibi papo hapo. Huyu wa kwangu anasubiri tangu juzi.